Hakuna Bolti Isiyofikika

Katika maneno yote yanayotamkwa kwenye gereji zetu, hakuna ninalolichukia kama neno "haifikiki." Nalichukia kuliko "njoo kesho," ambalo walau lina ahadi ndani yake, na kuliko "spea zimepanda bei," ambalo mara nyingi ni kweli tupu. "Haifikiki" ni neno la kufunga mjadala. Anayelitamka huwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana, na mwenye gari aliyesimama juani hana la kujibu, kwa sababu hawezi kukiona hicho kinachosemwa kuwa hakifikiki. Basi hukubali, hulipa, huondoka.

Mimi sikubali. Nimefundisha walimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nimestaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nami nimevuka miaka sabini. Mtu wa umri huu ana haki ya kubishana na neno moja mpaka alimalize. Naomba msomaji anivumilie.

Neno hili husikika zaidi mtu anapobadilishiwa mauntingi, yaani zile raba zilizogandishwa kwenye vyuma, ambazo huibeba injini na kuiunganisha na bodi ya gari. Tusizidharau kwa kuwa ni raba. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilileta sokoni gari la Plymouth ambalo injini yake ilibebwa na raba kwa mpango uliofikiriwa vizuri, ikauita mpango huo "nguvu inayoelea," na Citroën wa Ufaransa nao wakauchukua utaalamu huo. Hapo ndipo watu wengi walipoonja kupanda gari lisilowatikisa meno. Leo gari dogo la kawaida lina mauntingi tatu au nne, na kila moja ina kazi mbili zinazopingana: kuiachia injini itetemeke kidogo, na kuizuia isiruke. Raba huibeba kazi ya kwanza. Kazi ya pili, mwisho wa yote, hutegemea bolti.

Katika bolti hizo, nyingi ziko mahali pa wazi. Moja au mbili zimejificha: nyuma ya injini, karibu na ukuta unaoitenga injini na abiria, au chini ya kitako cha betri, au pembeni, nyuma ya gurudumu la mbele. Hizo ndizo "hazifikiki." Raba mpya huwekwa, bolti za wazi hukazwa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka fundi, na ile iliyojificha huzungushwa kwa ncha za vidole, hudonolewadonolewa kidogo kwa spana, kisha huachwa chini ya ulinzi wa Mwenyezi Mungu.

Atakayeniambia kwamba injini ni nzito na haiendi kokote, nitamkumbusha yaliyotokea Marekani. Mwezi Desemba 1971 General Motors ilitangaza kuyaita magari zaidi ya milioni 6 ya Chevrolet, mengi yake ya nusu ya pili ya miaka ya 1960, kwa sababu ya mauntingi. Raba ilipoachana na chuma, injini iliweza kuinuka upande mmoja dereva anapokanyaga mafuta, na katika kuinuka kwake ikavuta viungo vya kufungulia mafuta, gari likazidi kukimbia bila dereva kutaka. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuifunga injini kwa waya wa chuma ili isiinuke. Huko kasoro ilikuwa ya raba, si ya bolti. Lakini injini haijui tofauti hiyo. Ikikosa kushikwa, itainuka.

Sasa tujiulize: kwa nini bolti iliyojificha ndiyo inayolegea? Jibu lake liko katika somo la mashine rahisi ambalo wengi wetu tulilisoma shule ya msingi: nyenzo, egemeo, mzigo na jitihada. Spana ni wenzo. Tuchukue bolti ya milimita 12, ile inayoshikwa na spana namba 17, na tuseme kitabu cha gari kinataka ikazwe kwa nyutonimita 80. Ukiwa na mkono wa spana wenye urefu wa sentimita 40, nguvu hiyo ni sawa na kuning'iniza ndoo ya maji ya lita 20 kwenye ncha ya mkono huo. Mtu yeyote mwenye afya ataimudu. Lakini katika kona ile yenye giza mkono wa sentimita 40 hauingii. Inaingia spana fupi ya sentimita 15. Kwa spana hiyo fundi anahitaji jitihada ya kilo 50 na ushei, yaani mfuko mzima wa saruji, tena aitoe akiwa amelala chali, kwa mkono mmoja, bila pa kuegemea. Hawezi. Atakaza kwa nusu au kwa robo, atahisi imegoma, na kwa moyo mweupe kabisa ataamini kwamba imekaza.

Na bolti iliyokazwa nusu haifanyi nusu ya kazi. Bolti ni kama springi. Inapokazwa sawasawa hunyooka kidogo sana, kisha hutaka kurudi, na katika kutaka kurudi huvibana vyuma viwili visiteleze. Ikikosa kubana, vyuma huteleza kila dereva anapotia gia, na bolti hupindwa huku na huku, siku baada ya siku. Kila aliyewahi kukata waya bila koleo anajua mwisho wake: waya hukatika kwa kupindwapindwa, si kwa kuvutwa. Dalili huanza mapema: kishindo wakati wa kubadili gia, mkono wa gia unaotetemeka, bomba la moshi linalopasuka pale pale kila linapochomelewa. Mwenye gari hununua bomba jingine, kisha jingine, na bolti imekaa kimya gizani.

Wapo wanaojibu kwa kuchomeka bomba la chuma kwenye spana ili kuurefusha mkono. Nao wanakosea, kwa upande wa pili. Nguvu unayoitia kwenye bolti, takriban sehemu tisa kati ya kumi huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti na kwenye hesi zake. Sehemu moja tu ndiyo inayoinyoosha na kuleta mbano. Hivyo ukipaka oili hesi ambazo kitabu kilitaka ziwe kavu, kisha ukakaza kwa kipimo kile kile, umeivuta bolti kupita kiasi bila kujua. Bomba la chuma halina masikio. Halisikii bolti inapolia.

Miaka michache iliyopita gari langu lilibadilishiwa mauntingi zote nne kwenye gereji ambayo sitaitaja. Kijana aliyelifanya alikuwa mwenye heshima. Alinipa shikamoo kila nilipokaribia. Jioni akaniambia, "Mwalimu, tayari. Ila ile ya nyuma nimeikaza kidogo tu, haifikiki. Hata kiwandani wanaikaza kwa mashine."

Nikamwuliza, "Mwanangu, ile raba ya zamani umeitoaje?"

"Nimefungua, Mwalimu."

"Ulifungua bolti ipi?"

Akacheka kwa aibu. "Hiyo hiyo. Lakini kufungua ni rahisi, Mwalimu. Kufunga ndiyo kazi."

Sikumdharau kwa jibu hilo, kwa sababu lina ukweli. Anayefungua anaweza kugonga, kuvuta upande wowote, kutumia chochote kinachopenya. Bolti ikisogea tu, kazi imekwisha. Anayefunga hana budi kufikia kipimo. Hata la kiwandani lina ukweli wake: katika viwanda vingi injini na fremu yake hukusanywa nje, kisha huinuliwa kwa pamoja na kuingia kwenye bodi kutoka chini, wakati ambapo hakuna betri wala mabomba ya kuziba njia. Mchora ramani wa gari alimfikiria anayeliunda, hakumfikiria atakayelitengeneza baada ya miaka kumi na mitano huku kwetu. Lawama hiyo namtwisha, tena bila kumwonea haya. Lakini lawama haikazi bolti.

Nililipeleka gari kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mkungu. Hakuingia chini ya gari kabisa kwa muda wa kwanza. Alianza kwa kutenga waya hasi wa betri. Akatoa betri, akatoa na kitako chake. Akatoa boksi la chujio la hewa pamoja na mpira wake. Kazi hiyo haikuzidi dakika ishirini, na ilipokwisha, ile bolti isiyofikika ilikuwa inatutazama. Akaweka kipande cha ubao juu ya jeki ili uzito usitoboe sampu ya oili, akaiinua injini taratibu, kidogo kidogo, mpaka tundu la mauntingi likalingana na tundu la bodi. Akalegeza bolti zote, kisha akaanza kuziingiza upya kwa vidole, moja baada ya nyingine, bila kukaza hata moja. "Bolti isiyoingia kwa vidole," aliniambia, "haina ruhusa ya kuingia kwa spana." Akashusha jeki, akaitikisa injini ili ikae mahali pake yenyewe, ndipo akakaza kwa kipimo. Mwisho akapaka mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho jirani. Mstari ule ukija kuvunjika, utajua kwamba bolti imezunguka.

Msomaji ataona kwamba mikono ya mzee yule haikuwa mirefu kuliko ya kijana. Tofauti yao ilikuwa swali. Kijana aliuliza: mkono wangu utapitaje? Mzee aliuliza: ni kitu gani kimesimama mbele ya mkono wangu, nami nakiondoaje? Swali la kwanza huzaa michubuko na visingizio. Swali la pili huzaa kazi.

Tena njia za kufika ni nyingi, na nyingi zimo ndani ya boksi la vifaa ambalo fundi tayari analo. Chukua spana ya kawaida ya mdomo wazi. Umewahi kuuliza kwa nini kichwa chake kimepinda kidogo, hakikunyooka na mkono? Mpindo ule kwa kawaida ni nyuzi 15, nao haukuwekwa kwa urembo. Nati yenye pande sita hutaka izungushwe nyuzi 60 ndipo spana iupate upande mwingine. Mahali pembamba hapana nafasi ya nyuzi 60. Lakini ukizungusha nyuzi 30, ukaitoa spana, ukaigeuza tumbo juu na kuirudisha, itashika tena, kwa sababu ya mpindo ule. Zungusha, geuza, zungusha, geuza. Aliyeibuni spana hiyo aliifikiria kona yako kabla hujazaliwa. Nimewauliza vijana wengi sababu ya mpindo ule; wengi walikuwa wakiishika spana hiyo kila siku ya Mungu, na hawakuwahi kuambiwa.

Ringi spana yenye pembe kumi na mbili nayo hushika kila baada ya nyuzi 30. Racheti yenye meno 72 hushika kila baada ya nyuzi 5. Soketi ikiungwa na ekstensheni ndefu huutoa mkono wa spana nje ya shimo, mpaka mahali ambapo sentimita 40 zinaenea, na ile hesabu ya ndoo ya maji inarudi kuwa upande wako. Nati inayoanguka kabla haijafika hushikiliwa ndani ya soketi kwa kipande cha karatasi au grisi kidogo. Mauntingi ya upande wa mikanda, katika magari mengi yenye injini iliyokaa kukingama, hufikika kwa kutoa gurudumu la mbele na ngao ya plastiki iliyo nyuma yake. Na hapo gari likae juu ya stendi imara, maana jeki peke yake si ya kumwamini mtu akiwa chini. Pale ambapo soketi haiingii kabisa, kuna kichwa cha spana kinachochomekwa kwenye toki renchi. Kikikaa kwa pembe mraba na mkono, kipimo hakibadiliki. Kikinyooka mbele kwa sentimita 5, mkono wa sentimita 40 umekuwa wa 45, basi badala ya 80 weka 71. Hesabu hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Najua nitakavyojibiwa. "Mwalimu, toki renchi ni ghali." Ni kweli. Lakini gereji yenye mafundi sita inaweza kununua moja kwa kuchangiana, na mpaka siku hiyo ifike kuna mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki. Ifunge kwenye ncha ya mkono wa spana, sentimita 40 kutoka katikati ya bolti, uivute ikiwa mraba na mkono; inapofika kilo 20 umezigusa nyutonimita 80. Si kipimo cha maabara, lakini kinaushinda mkono uliochoka kwa mbali sana. "Mwalimu, gari lilitembea miaka mitano bila bolti hiyo." Mlevi naye huvuka barabara usiku miaka mitano. "Mwalimu, hiyo ni kazi ya Ulaya." Hapa ndipo ninapokasirika. Ndoo ya maji ina uzito ule ule Ulaya na Morogoro.

Hata hivyo nisimtwike fundi mzigo wote. Mwenye gari ana sehemu yake, tena kubwa. Tunalipa bei ya spea bila kuguna, kisha tunakaa kubishana nusu saa juu ya ufundi, kana kwamba raba ingejifunga yenyewe. Tunataka gari kabla ya magharibi. Tunasimama juu ya kichwa cha fundi tukiangalia saa. Anayelipwa kukaza bolti tatu kwa bei ya tatu atakaza tatu, na kuhusu ya nne atakwambia lile neno. Dakika ishirini za kutoa betri na boksi la hewa ni kazi, na kazi ina ujira. Ukikataa kuzilipia, usimwite fundi mwongo. Umelinunua lile neno kwa pesa zako mwenyewe.

Na wa tatu ni sisi tulioitwa waelimishaji. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iunganishe kichwa na mkono. Katika shule nyingi tuliuchukua mkono tukaufanya adhabu: aliyechelewa akalime, aliyepiga kelele akafyeke. Mtoto akajifunza kwamba kazi ya mikono ni ya mkosaji. Kisha tukaichukua hesabu ya nguvu na umbali tukaipeleka sekondari, tukaifundisha kwa Kiingereza, kwa watoto ambao wengi hawatashika spana maishani. Na aliyeishika spana akiwa na miaka kumi na sita tukamwacha ajifunze kwa kuchungulia begani kwa mwingine. Matokeo ni haya: mwenye kipimo hana mkono, mwenye mkono hana kipimo. Sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA ilikuwa hatua njema, na vijana waliopita huko wengi wanaijua kazi. Lakini gereji za chini ya miti ni nyingi kuliko madarasa, na mwalimu wa hesabu anayepita mbele ya gereji kila asubuhi hajawahi kuingia akasema, "Hebu nioneshe spana hiyo." Mimi nasema aingie. Aende na wanafunzi wake, wajifunze nyenzo mahali zinapotokwa jasho, na fundi apate sababu ya kile ambacho mikono yake imekifanya miaka yote.

Hilo litachukua muda. Wakati tukilisubiri, mwenye gari anaweza kuanza leo hii, kabla hajatoa pesa. Aulize mambo matatu. La kwanza: bolti zote ziliingia kwa vidole kabla ya spana? La pili: zimekazwa kwa kipimo gani, na kwa kifaa gani? La tatu: alama ya rangi iko wapi, niione kwa tochi? Aulize kwa adabu, kama mtu anayemheshimu fundi kiasi cha kutaka kujua kazi yake, na awe tayari kuulipia muda atakaoutumia kulijibu swali hilo kwa vitendo. Fundi mwema hataudhika. Atafurahi kwamba hatimaye kuna mtu aliyetaka kuiona bolti ya nyuma.

Na jibu likiwa "haifikiki," usigombe, wala usiondoe gari. Mwambie atoe betri.